Jinsi ya kumjua jike mwenye mimba kabla hajauzwa nyama: mwongozo kamili kuanzia bomani mpaka machinjioni

Ukitaka kuelewa hii ishu usikae kule nyama inapotundikwa, kaa pale matumbo yanapofunguliwa. Utaona mifuko ya uzazi yenye ndama ndani, na sio mmoja wa bahati mbaya. Kuna utafiti ulifanyika machinjio ya Tanga ukachapishwa 2015, ulikuta zaidi ya robo ya ng'ombe jike waliochinjwa walikuwa na mimba, na mimba nyingi zilikuwa za katikati, yaani sio changa kabisa na sio ile kubwa ya kuonekana kwa macho. Hapo katikati, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa sita, ndipo tunapopigwa. Ng'ombe haonyeshi kitu, mfugaji hakumbuki lini alipandwa, dalali anasema kanona, basi.

Watu wanapenda kuwalaumu wachinjaji. Mimi naona ni kuanzia mwisho. Ng'ombe akifika machinjioni hela imeshapita mikono mitatu minne, kibali cha kusafirishia kimeshakatwa, ametoka Singida au Shinyanga kwenye lori mpaka Pugu, Dar es Salaam, nani atamrudisha? Mimba inatakiwa ijulikane bomani, kabla hata ya kuamua nani aende mnadani. Kwa hiyo hatua nyingi hapa ni za mfugaji, ila wa bucha na wa machinjio nao nimewawekea zao.

Halafu angalia na majira. Kanda ya kati mvua zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili, majani yakiwa mazuri majike wanaingia joto na wanabeba, wengi kati ya Februari na Mei. Sasa hesabu: Agosti mpaka Novemba, kiangazi kimekaza, nyumbani njaa, ada za Januari zinakuja, ndio muda tunauza sana, na ndio muda huyo jike ana mimba ya miezi mitatu mpaka tisa. Kwa hiyo ukiuza jike kiangazi bila kupima, ujue unabahatisha.

HATUA YA 1: Daftari, hata la shilingi mia tano

Muda wa mimba kwanza: ng'ombe siku 283 hivi, mbuzi 150, kondoo 147 hadi 150, nguruwe 114 (miezi mitatu, wiki tatu, siku tatu), ngamia karibu miezi 13. Kwa ng'ombe njia ya haraka ni kuongeza miezi 9 na wiki moja, akipandwa tarehe 1 Mei mtegemee karibu tarehe 8 Februari.

Kwenye daftari weka jina la ng'ombe au namba ya hereni, tarehe aliyozaa mara ya mwisho, tarehe aliyopandwa au kuhimilishwa, na nafasi ya kuandika majibu ya kipimo. Sasa najua mwenye ng'ombe mia na dume analala nao zizini atacheka, nani anakaa kuangalia kila siku nani kapandwa. Sawa, wewe andika tarehe ya kuzaa tu, halafu tumia kanuni hii: jike yeyote aliyekaa na dume zaidi ya mwezi na nusu, mhesabu ana mimba mpaka mtu ampime aseme hana. Wengi tunafanya kinyume, tunamhesabu mtupu mpaka tumbo lionekane.

Kama unaweza kutenga dume kwa msimu ni bora zaidi maana mimba zote zinakuja karibu karibu na unajua. Wamaasai kwa mbuzi na kondoo wana mbinu ya zamani, wanamfunga dume aproni ya ngozi tumboni asipande wakati hawataki watoto wazaliwe kwenye ukame. Rahisi na inafanya kazi.

HATUA YA 2: Angalia kama anarudi kwenye joto

Ng'ombe asiye na mimba anarudi kwenye joto kila siku 21 hivi (18 mpaka 24), mbuzi nao ni 21, kondoo 17. Kwa hiyo baada ya kupandwa weka alama siku ya 21 na ya 42, angalia asubuhi mapema na jioni: anapandwa na wenzie anatulia, ute mwembamba unaning'inia, analialia, maziwa yanapungua.

Lakini usitegemee hii peke yake. Ng'ombe aliyekonda kwa kiangazi anaacha kabisa kuingia joto na hana mimba yoyote. Na kuna wachache wana mimba na bado wanaonyesha joto. Yaani kutoingia joto ni sababu ya kumpima, haitoshi kuwa jibu.

HATUA YA 3: Macho na mkono, bila kuingiza popote

Hii kila mfugaji anaweza, ila inakamata mimba kubwa tu.

Simama upande wa KULIA wa ng'ombe. Kushoto kuna tumbo kubwa la chakula, ukibonyeza huko utajidanganya. Chini ya ubavu, mbele kidogo ya kiwele, weka ngumi, sukuma ndani taratibu halafu iache hapohapo usiitoe. Kama ni miezi sita kwenda juu mara nyingi utasikia kitu kigumu kinarudi kukugonga. Rudia mara tatu nne. Fanya asubuhi kabla hajaenda malishoni, akishashiba ni kazi bure. Kuna wafugaji wanampa maji ya baridi asubuhi hiyo halafu wanaangalia ubavu wa kulia kama ndama anacheza, unaweza kujaribu ila usipoona kitu usiseme hana.

Kiwele: kwa mtamba (hajawahi kuzaa) kinaanza kujaa mwezi wa nne wa tano, na ukikamua chuchu kidogo sana unaweza kupata ute mzito unaonata kama asali, hiyo ni dalili nzuri. Usirudie rudie, unafungua mlango wa ugonjwa wa kiwele. Kwa aliyezaa tayari kiwele hakikusaidii mpaka wiki za mwisho, na kama bado anakamuliwa hakikusaidii kabisa.

Tumbo kubwa peke yake halisemi kitu. Minyoo inaleta tumbo, pumba inaleta tumbo.

HATUA YA 4: Mtaalamu aingize mkono

Hii ndio hatua yenyewe, kama utaruka zote usiruke hii. Afisa mifugo au mhimilishaji mwenye uzoefu anavaa glavu ndefu ya kufika begani, anapitisha mkono njia ya haja kubwa, anaushika mfuko wa uzazi kwa juu. Fundi mzuri anakwambia kuanzia mwezi wa pili, wengi wanakuwa na uhakika mwezi wa tatu, maana hapo anasikia mfuko umejaa maji upande mmoja na baadaye vile vinundu vya kondo la nyuma. Kuanzia mwezi wa nne mshipa wa damu wa mfuko wa uzazi unatetemeka kwenye kidole, hiyo hata aliyechoka anaisikia. Kwa hiyo ile miezi ya katikati ambayo macho yako hayaoni kitu, mkono wake unaona vizuri tu, ndani ya dakika mbili.

Mambo ya kuzingatia:

Usiruhusu mtu anayejifunza abonyeze bonyeze mimba ya chini ya siku 45, inaweza kutoka.

Usimwite kwa ng'ombe mmoja. Wafugaji wa jirani kumi mkijiunga mnagawana nauli na muda wake. Siku nzuri ni siku ya chanjo au josho, ng'ombe wapo kwenye kibanio tayari, mtaalamu yupo, kwa nini warudi nyumbani bila kupimwa?

Muulize mwezi wa ngapi, usikubali "ana mimba" au "hana" tu. Na akikwambia "sina uhakika" mshukuru, huyo ni mtu mkweli, mwambie arudie baada ya mwezi. Mwenye mashaka haendi mnadani.

Weka alama hapohapo, rangi ya dawa mgongoni kwa watupu, maana ng'ombe hamsini wakishachanganyika utasahau nani ni nani kabla ya jioni.

Na usimpige jike sindano ya kumleta kwenye joto kabla hajapimwa. Sindano zile za homoni mara nyingi zinatoa mimba iliyopo, halafu mtu anasema ng'ombe karogwa. Tukiwa hapohapo, mama mjamzito asishike hizo dawa kabisa.

Altrasaundi inaona mapema zaidi, siku 30 hivi kwa ng'ombe, lakini kwa wengi wetu bado iko vyuoni na mashamba makubwa.

HATUA YA 5: Mbuzi na kondoo

Hawa mkono hauingii, kwa hiyo ndio wanaochinjwa zaidi bila kujulikana, na watu wanawachukulia poa kwa sababu ni wadogo. Altrasaundi ya tumboni ndio kipimo cha maana, mwezi na nusu hivi inatosha. Usipokuwa nayo, miezi miwili ya mwisho msimamishe, mpitishe mikono miwili chini ya tumbo mbele ya kiwele, nyanyua taratibu halafu achia, utasikia kigumu kinaelea. Kwa mbarika (mbuzi jike ambaye hajazaa) angalia kiwele.

Cha uhakika zaidi kwa mbuzi ni kutenga beberu na kuuza madume. Mbuzi anabeba miezi mitano tu na mara nyingi mapacha. Ukimchinja mwenye mimba ya miezi mitatu umekula mbuzi watatu kwa bei ya mmoja, na wawili hata hukuwaonja.

HATUA YA 6: Chagua nani auzwe

Anza na madume ambayo hutumii kwa mbegu na maksai waliochoka kulima. Kisha majike waliopimwa wakakutwa watupu na wanakaa muda mrefu bila kushika mimba, na vikongwe meno yameisha (nao wapimwe, uzee hauzuii mimba). Halafu watupu wa kawaida. Mwenye mimba ni wa mwisho, na huyo ukilazimika muuze kama ng'ombe wa kufuga: mwambie mnunuzi ana mimba ya miezi mingapi, mtafute mfugaji mwenzio kabla ya kumpeleka mnadani. Chukua mfano, jike anapewa laki saba kwa nyama na ana mimba ya miezi sita. Miezi mitatu mbele ungekuwa na mama, ndama, na maziwa. Weka bei za kwenu uone kama hiyo laki saba bado inapendeza.

Najua ukame hauna hesabu hizi. Ukame unapobana mtu anauza anayeweza kutembea. Ila hapo kosa kubwa ni kusubiri. Mvua zikishasuasua, pima kundi lote mapema na uza watupu wakiwa bado na mwili, upate hela ya pumba na mashudu ya kuwavusha wenye mimba. Ukisubiri mpaka wote wamekuwa mifupa, utauza wote kwa bei ya ngozi. Na niseme hili ambalo wengine hawatalipenda: jike aliyekonda kupita kiasi, mimba ya miezi minane, hana majani wala maji, akilala hatainuka, kumchinja kwa utaratibu chini ya usimamizi ni afadhali kuliko kumwacha afe siku tatu juani. Nalaani kuchinja kwa kutojua. Kwa huyu unajua, na umeshakosa njia.

HATUA YA 7: Wa bucha, ukiwa mnadani

Wewe una sababu yako ya kuogopa mimba, nayo ni hela. Ng'ombe wa miezi saba nane, ndama pamoja na maji na kondo ni makumi ya kilo, na zote zinatupwa. Ukinunua kwa macho au kwa mzani wa mnyama mzima umenunua maji kwa bei ya nyama.

Usiangalie tumbo, angalia mgongo. Aliyenona kweli ana nyama juu ya mbavu, kwenye shina la mkia na kifuani. Tumbo kubwa na mgongo mkavu, shuka upande wa kulia fanya ile ngumi ya hatua ya 3. Muulize muuzaji amezaa lini, anakaa na dume? Akisema "huyu tasa" muulize nani kampima. Kama unanunua majike wengi kila wiki, mlipe mtaalamu apime kabla hujatoa hela, ni gharama ndogo sana ukilinganisha.

Na usipakie kwenye lori jike aliye kwenye asilimia 10 ya mwisho ya mimba, yaani mwezi wa mwisho kwa ng'ombe, wiki mbili za mwisho kwa mbuzi. Miongozo ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani inakataza hilo, na ukiacha miongozo, atazalia kwenye lori na wenzie watamkanyaga. Kwa Idd ya kuchinja nunua dume umalize maneno, mambo ya udhiya ya jike mwenye mimba masheikh wana kauli zao na huku pwani kwa Mashafii sio jambo la kupitisha kirahisi.

HATUA YA 8: Machinjioni, kabla ya kisu

Ukaguzi wa mnyama akiwa hai ufanyike mchana kwenye mwanga, majike watengwe na madume, wapite mmoja mmoja kwenye kibanio. Mkaguzi anayepita na tochi saa tisa usiku akiangalia ng'ombe arobaini waliobanana, huyo hajakagua kitu, na sio kosa lake peke yake, ratiba ndio imepangwa hivyo ili nyama iwahi bucha asubuhi.

Shida kubwa iko hapa: mkaguzi akimkataa jike, anaenda wapi? Kama hakuna zizi, hakuna majani, hakuna mtu wa kumchukua, mwenye ng'ombe atamchinja kichakani usiku huohuo na nyama itauzwa bila muhuri. Sasa hiyo ni mbaya mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kuanza kukataa, uongozi wa machinjio uandae zizi la kushikilia, na orodha ya wafugaji wa karibu wanaotaka majike wenye mimba. Wakubaliane na wafanyabiashara: jike mwenye mimba anabadilishwa na mtupu au dume, tofauti ya bei inalipwa. Ujerumani walipiga marufuku kwa sheria mwaka 2017 kuchinja mnyama aliye theluthi ya mwisho ya mimba, ila hata wao mbuzi na kondoo waliwaacha nje.

HATUA YA 9: Ikitokea amechinjwa ana mimba

Kavunjika mguu, au imegundulika tumbo limeshafunguliwa. Hapa kuna mambo mawili: mateso ya kijusi na afya yako wewe mchunaji.

Usiutoe mfuko wa uzazi haraka. Uache ndani, haujafunguliwa, angalau dakika 5 baada ya mama kukatwa shingo, na kama kuna sababu ya kumtoa kijusi subiri dakika 15 hadi 20. Akiwa ndani ya mfuko hapumui hewa, anakufa bila kuzinduka. Ukichana mfuko mapema ukamtoa, mimba ikiwa kubwa anaweza kuvuta pumzi, na hapo ndipo mateso yanaanza. Kumwokoa ndama wa siku za mwisho ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesimama hapo tayari, usijaribu na kisu cha kuchunia.

Sasa afya. Maji ya uzazi, kondo na kijusi ndiko vijidudu vya brusela (ule ugonjwa wa kutupa mimba) na homa ya Q vinakojaa zaidi mwilini mwa mnyama. Mtu anapata homa zisizoisha, anatibiwa malaria miezi na malaria hana. Ongeza homa ya bonde la ufa: mlipuko wa 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 100 Tanzania peke yake, na walioshika damu na mimba za wanyama walikuwa hatarini zaidi. Kwa hiyo vaa glavu, aproni ya plastiki, gambuti, funika mdomo na macho. Mwenye kidonda mkononi asiguse. Mama mjamzito asikae eneo hilo.

Kijusi na kondo havitupwi jalalani wala havipewi mbwa. Mbwa akila anabeba vimelea, jioni anarudi boma lilelile lenye ng'ombe. Chimba shimo refu, weka chokaa, fukia, au choma kama kuna tanuri.

HATUA YA 10: Andikeni

Machinjio nyingi zinaandika ini lililokataliwa, mapafu, minyoo, ila mimba hakuna safu yake. Ongezeni safu tano: tarehe, aina ya mnyama, wilaya alikotoka (iko kwenye kibali), umri wa mimba, na sababu ya kuuzwa kama inajulikana. Umri unakadiria kwa urefu kutoka utosini mpaka shina la mkia: sentimita 15 hivi ni miezi mitatu, mwenye nywele mwili mzima ni saba kwenda juu, wa asili zetu wanakuwa wadogo kidogo. Mwisho wa mwezi piga picha ukurasa huo, mtumie afisa mifugo wa wilaya iliyotoa vibali vingi zaidi, yeye ndiye anajua josho gani apeleke glavu ndefu kabla ya Agosti.